Ubuntu haioni Wi-Fi? Tafuteni waya wa simu

Shida ya juma hili inatoka kwa vikundi vilivyopata kompyuta kuukuu yenye Ubuntu: mashini inawaka vizuri, lakini Wi-Fi haionekani hata kidogo. Msikubali mtu afute kila kitu na kuanza upya. Hesabu zetu za likelemba zinaweza kupotea humo.

Mara nyingi kinachokosekana ni pilote, programu ndogo inayoongoza kipande cha Wi-Fi. Vipande vya Broadcom vinajulikana kwa usumbufu huo. Pilote inatoka kwenye intaneti, na intaneti ndiyo tunayokosa! Basi chukueni simu yenye mega na waya wake (nyaya zingine zinapitisha umeme tu, jaribuni mwingine). Kwenye simu fungueni Partage de connexion, chagueni USB. Kwenye kompyuta fungueni Pilotes additionnels, chagueni iliyopendekezwa, ngojeni, kisha zimeni na kuwasha tena.

Ikiomba neno la siri jipya, liandikeni kwenye karatasi: italiuliza ikiwaka, kwenye kioo cha bluu. Na Ubuntu ikitaka kujisasisha siku hiyo, ikatalieni, mega zisiishe mbele ya pilote kufika. Hiyo ingoje mtu akishuka Kisangani.