Wageni wa Mirihi na Ardhi Yetu

Katika mdahalo wa muhula uliopita, mwenzangu mmoja alisimama akasema kwamba hadithi za viumbe wa nyota ni mchezo wa watoto, na mwanafunzi wa Kampala hana haja nazo. Alipigiwa makofi mengi. Mimi sikupata zamu ya kumjibu, basi namjibu hapa.

Mwaka 1898 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu chake The War of the Worlds. Ndani yake viumbe wa Mirihi wanashuka Uingereza na silaha za moto, wala hawawahesabu wenyeji kuwa kitu. Katika sura ya kwanza tu anawakumbusha wenzake jinsi Wazungu walivyowaangamiza watu wa Tasmania. Yaani aliwauliza: leo mkivamiwa ninyi, mwaonaje?

Miaka miwili baadaye, tarehe 10 Machi 1900, Mkataba wa Buganda ukatiwa sahihi. Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu, na wasimamizi wake watatu wakatia sahihi kwa niaba yake. Maili za mraba 9,000 hivi ziliitwa ardhi tupu, zikawekwa chini ya serikali ya Kiingereza. 8,000 wakapewa machifu na wakubwa wapatao elfu moja. Mkulima akajikuta mpangaji pale pale alipozika wazee wake. Watu wa Mirihi walihitaji mashine za miguu mitatu. Hapa karatasi ilitosha, tena wakubwa wetu wenyewe walikula fungu lao.

Mahali pamoja sikubaliani na Wells. Kwake wavamizi wanauawa na vijidudu. Kwetu waliokufa ni wenyeji. Malale iliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mwaka 1909 watu wa Visiwa vya Ssese wakahamishwa. Jaja yangu ni wa ukoo wa huko. Najua kuhama kule kuliokoa roho za watu, sibishi. Lakini waliporuhusiwa kurudi, miaka mingi ilikuwa imepita, na wengi hawakurudi kamwe.

Na anayesema hadithi ni mchezo, amkumbuke Theodor Hertzka wa Vienna. Mwaka 1890 aliandika Freiland, hadithi ya taifa jipya la Wazungu kwenye nchi ya Mlima Kenya, kana kwamba nchi ile haikuwa na wenyewe. Mwaka 1894 wafuasi wake walishuka Lamu kweli, wakitaka kwenda kulianzisha! Safari iliwashinda, wakatawanyika.

Mimi nimeanza kuandika yangu. Ni mwaka 2109, chombo kinatua Kalangala, na wageni wanashuka na karatasi ya kuhamisha watu. Yule mwenzangu ameomba kuisoma. Nimemwambia angoje, maana bado sijajua kama jaja katika hadithi atakubali kupanda mtumbwi.