Faida ya nyanya huanzia kitaluni

Ukitoka Bunju kwenda Bagamoyo mjini, kupitia Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, utakuta bustani za nyanya, bilinganya na pilipili hoho. Soko la Dar es Salaam liko jirani na barabara ni ya lami. Kwa nini basi kila msimu wapo wakulima wanaolia hasara?

Sababu ni nyingi, lakini kwa maoni yangu kama mchumi wa kilimo, ipo moja tunayoidharau: kitalu. Mkulima yuko tayari kukopa ili anunue mbolea na dawa, lakini mbegu anaimwaga kwenye tuta lisiloandaliwa, juani, kisha anangoja mvua. Itakayoota, ndiyo riziki yake.

Wenzetu wa Ulaya huotesha mbegu ndani ya nyumba kwa kuogopa baridi, ili joto likianza miche iwe tayari. Sisi adui zetu ni jua kali, mvua ya kishindo, inzi weupe wanaoeneza virusi vya kukunja majani, na kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche usawa wa udongo. Hata hivyo kanuni ni ile ile: mche ulelewe penye hifadhi kabla ya msimu.

Tupige hesabu. Ekari moja ya nyanya, kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, inahitaji miche ipatayo 10,800. Ikiwa kati ya mbegu 100 miche 90 inafika shambani, utanunua mbegu 12,000. Ikifika 50 tu, utanunua mbegu 21,600. Tuseme mbegu moja ya chotara inakugharimu Sh50: umetupa Sh480,000 kabla hujachimba shimo hata moja. Sasa ulizia bei ya neti na fito za kujengea kitalu, kisha ulinganishe.

Faida ya pili ni muda. Miche ya nyanya hukaa kitaluni wiki tatu hadi nne. Anayetaka kupandikiza vuli inapoanza Oktoba, lazima asie Septemba. Anayesubiri mvua ndipo asie, atafika sokoni nyuma ya mwenzake kwa wiki hizo hizo, pengine bei ya tenga imeshaporomoka.

Tatu ni maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na mche mchanga huumia upesi. Shamba zima huwezi kulinyweshea maji matamu ya kubeba, lakini kitalu cha mita moja kwa tano unaweza.

Malighafi nazo tunazo. Makumbi ya nazi tunayachoma moto, ilhali unga wake, ukioshwa mara kadhaa kuondoa chumvi na kuchanganywa na mboji iliyoiva, ni mahali pazuri pa kuotesha mbegu mbali na minyoo fundo ya shambani.

Si kila mboga inahitaji kitalu. Karoti na bamia hupandwa moja kwa moja shambani. Wala si kila mkulima lazima awe na kitalu chake. Hapo ndipo penye biashara kwa vijana: kikundi kimoja kijijini kinaweza kuotesha miche kwa oda. Sharti ni uaminifu. Mnunuzi aambiwe aina ya mbegu na tarehe iliyosiwa, na mbegu iwe iliyothibitishwa na TOSCI. Aliyeuziwa Tanya akapewa nyingine hugundua matunda yanapotokea, wakati fedha imeshakwenda.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kabla ya vuli ijayo, ndugu mkulima, usianze kwa kuulizia bei ya dawa. Anza na kitalu.