Ajali Ina Kinga

Neno "ajali" tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako "ajal" ni muda uliowekwa, hasa ule wa mwisho wa uhai wa mtu. Pengine ndiyo sababu msemo "ajali haina kinga" hututoka midomoni upesi gari linapopinduka. Sisi wa Mafubira, tunaosafiri kwenda Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi, tumeusikia mara nyingi. Nashikilia kwamba, katika habari za magari, msemo huo hautufai. Kinga ipo, nasi tuna haki ya kuidai.

Kinga mojawapo ni mfumo wa kielektroniki wa kudhibiti uthabiti wa gari. Vihisi vyake hupima mwendo wa kila gurudumu, pembe ya usukani na jinsi gari linavyogeuka. Dereva akikata usukani ghafla ili kumkwepa ng'ombe, na gari likaanza kwenda kusikolingana na usukani, mfumo huo hukaza breki ya gurudumu linalohitajika na kupunguza nguvu ya injini, ili gari lirejee katika njia yake. Hayo huanza kutendeka hata kabla dereva hajang'amua kwamba anateleza.

Mercedes-Benz na Bosch waliuingiza sokoni mwaka 1995. Miaka miwili baadaye, gari dogo la A-Class lilipinduka nchini Sweden katika jaribio la kukwepa kizuizi, na kampuni ikaamua magari yote ya aina hiyo yafungwe mfumo huo. Marekani iliulazimisha kwa magari mepesi mapya kuanzia toleo la mwaka 2012. Umoja wa Ulaya ukaulazimisha kwa magari mapya yote mwaka 2014. Utafiti wa Marekani umeonyesha kwamba hupunguza kwa takriban nusu hatari ya ajali za vifo zinazohusisha gari moja pekee.

Nchini Uganda, sheria ya usalama barabarani ilirekebishwa mwaka 2018, ikapiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Ni hatua njema, lakini umri peke yake ni kipimo kipofu. Magari mawili yaliyoundwa mwaka mmoja yaweza kushuka bandarini Mombasa, moja likiwa na mfumo huu na jingine bila, na yote mawili yakakubalika kwa kigezo hicho cha umri. Marufuku hiyo ingeuliza pia: gari hili lina nini cha kumlinda abiria?

Wapo watakaosema kwamba wanaouawa zaidi ni waendao kwa miguu na wapanda bodaboda, na kwamba chanzo kikubwa ni mwendo wa kasi. Wanasema kweli. Mfumo huu haumwokoi dereva anayekimbia kupita kiasi, wala hauwezi kushika barabara kwa tairi zilizokwisha. Lakini gari lisilotoka njiani humnusuru pia mtoto anayetembea kando ya barabara.

Basi, ndugu au jamaa yenu akinunua gari, mwambieni awashe swichi na kuitazama dashibodi. Itafuteni taa yenye picha ya gari na mistari iliyopinda nyuma yake. Katika gari zima, taa hiyo huwaka kwa muda mfupi, kisha huzima. Isipozima, mfumo una hitilafu au umezimwa. Isipowaka kamwe, huenda gari halina mfumo huo, au taa imeharibika au kufichwa. Fundi akague kabla fedha hazijatolewa.

Raia anayeuliza maswali hayo, na kumwuliza mbunge wake kwa nini sheria haiulizi, amekwisha kuanza kujenga kinga ambayo msemo wetu unadai haipo.