Matuta ya Mlalo ni mali ya Mnazi pia



 Nimeona kwamba kila mmomonyoko wa udongo unapozungumzwa husemwa kuwa ni shida ya watu wa milimani. Mimi naishi Mnazi, huku chini nyikani, kaskazini ya Milima ya Usambara, na nataka kusema kwamba shida hiyo ina miguu. Hushuka hadi kwetu.

Masika yakianza, vijito vinavyotoka mlimani hugeuka rangi kwa siku moja tu, vikawa vyekundu kama matofali. Niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu wajaze maji hayo katika chupa na kuiweka dirishani. Mchanga ulituama kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni. Tope laini liliendelea kuelea hadi kesho yake. Somo zima la mito limo katika chupa ile: maji yaendayo kasi hubeba, na yakipunguza mwendo hutua mzigo, yakianza na kilicho kizito. Wataalamu wamepiga hesabu kwamba kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, jiwe ambalo yanaweza kulisukuma huwa na uzito mara 64 ya lile la kwanza. Ndiyo maana mtu akitoka chini ya mlima kuja nyikani hukuta kwanza mawe makubwa, kisha kokoto, kisha mchanga, na mwisho tope ambalo mpunga hulipenda.

Kwa hiyo, ndugu Mhariri, sisi wa nyikani tusijifanye hatujui. Mashamba ya mpunga ya Kitivo na Mng'aro ni mlima uliosagwa na kuletwa. Mmomonyoko usingekuwapo tangu zamani, tusingekuwa na pa kulima. Wala si kila poromoko ni kosa la mkulima. Desemba 3, 2023 kipande cha Mlima Hanang kilimeguka na tope likashukia Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa, na Serikali ilieleza kuwa miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia. Mlima una mambo yake.

Lililobadilika ni kipimo. Jua, mvua na mizizi huchukua mamia ya miaka kuugeuza mwamba kuwa sentimita chache za udongo. Shamba la mahindi lililolimwa kuteremka mlima huweza kuupoteza udongo huo kwa mvua ya alasiri moja. Na kinachotufikia siku hizo si tope la rutuba peke yake. Hufika mchanga, ukaziba mabanio na mifereji, na mkulima wa mpunga akalazimika kushika koleo kuutoa, mwaka baada ya mwaka, mchanga ule ule. Kazi hiyo haimo katika bajeti ya mtu yeyote.

Kwa nini basi watu wa juu hawakuzuia? Vijana wengi hawajui kwamba waliwahi kulazimishwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili mkoloni alianzisha mpango wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, akaamuru kila familia ichimbe matuta mlimani, na aliyekataa aliadhibiwa. Wasambaa walikataa. Jembe lilikuwa mikononi mwa wanawake, na kazi yao iliongezeka bila mavuno kuongezeka. Eneo la kulima lilipungua, na mwenye kashamba kadogo aliumia kuliko mwenye mengi. Upinzani huo ukaungana na siasa za uhuru, TANU ikapata nguvu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Wapo wasemao wazee wale walikuwa wajinga. Si kweli. Walikuwa wamepiga hesabu na kuona hasara.

Mwaka 1981 ulianza mradi wa SECAP, wa Serikali yetu kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, ukaendelea hadi mwaka 2000. Huo ulipanda majani ya Guatemala na miti kufuata mistari ya kontua. Majani yale hukamata udongo, lakini pia hukatwa akalishwa ng'ombe zizini, ng'ombe akatoa maziwa na samadi. Tofauti yote ipo hapo. Tuta la mkoloni lilimlisha mtu wa chini tu; mstari wa majani humlisha na mwenye shamba.

Wasomaji wa Dar es Salaam wasidhani hili ni la kwetu tu. Ufukwe nao huishi kwa mzigo wa mito. Mchanga ulipochimbwa kwa ajili ya ujenzi katika mito iendayo pwani ya Kunduchi, bahari ilikosa cha kurudishia ilichokichukua, ikala nchi kavu, na hoteli maarufu ya Africana ikaharibiwa. Huko mchanga ulipungua, huku kwetu umezidi. Mto Umba, unaozaliwa Usambara, hauishii nyikani: huvuka mpaka na kumwaga tope lake Vanga, Kenya, penye mikoko na wavuvi.

Mto huo wote, upande wetu, uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu Jumuiya za Watumia Maji, na mwenye kibali cha maji hulipa ada. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 za kingo zake. Lakini mita 60 hazifiki kwenye mteremko wa Mlalo udongo unakotoka. Na jumuiya ikiwa ya watu wa mfereji mmoja tu, itagawana maji vizuri lakini haitagusa tope.

Napendekeza jumuiya ziwe na wajumbe wa juu na wa chini kwa pamoja, na sehemu ya ada ya maji itengwe waziwazi kununua mashina ya majani na miche kwa ajili ya mashamba ya mteremkoni. Sisi wa nyikani tuchangie pia nguvu zetu. Siku tatu za koleo tunazotumia mferejini, moja tuipeleke Mlalo kupanda majani, nao watupikie chakula cha mchana. Ikiwa Bodi au Halmashauri inaona pendekezo hili lina kasoro, naomba itujibu katika ukurasa huu huu kabla ya masika.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mnazi, Lushoto.