Steringi Hafi, Lakini Mwanakijiji Je?

Wasee, tuongee ukweli kuhusu muvi za karao na waasi. Tumezoea fomula moja: risasi mia zinampita steringi sikioni, mwisho adui anaanguka, sisi tunashangilia. Steringi hafi. Na yule mwanakijiji aliyelala chini dakika ya kumi? Huyo hata jina hapewi.

Ndiyo maana nasema, kama unapenda aksheni, tafuta Orapronobis ya Lino Brocka, muvi ya Ufilipino iliyoonyeshwa Cannes 1989. Jimmy, anayechezwa na Phillip Salvador, alikuwa padri, akawa muasi, akafungwa. Marcos anaangushwa 1986, Cory Aquino anaingia, Jimmy anaachiliwa na kuoa. Anaamini mambo yamebadilika. Kumbe huko mashambani kuna genge la raia wenye bunduki, jeshi linawalinda, kazi yao kuwinda wakomunisti. Na mkomunisti ni nani? Ni yeyote watakayemwita hivyo. Mkulima. Mama na mtoto wake.

Kuna wale watasema hii ni propaganda ya waasi. Wacheni hizo. Brocka hakuota genge usingizini. Davao kulikuwa na Alsa Masa, raia waliobeba silaha dhidi ya waasi wa NPA kwa baraka za wanajeshi, na 1987 Aquino mwenyewe aliwasifu hadharani.

Kwani NPA ni malaika? Zii. Miaka hiyo hiyo waliua mamia ya wenzao kule Mindanao wakiwashuku kuwa majasusi. Muvi haigusi hilo, na hilo ni doa. Lakini doa hilo halifuti hoja yake: serikali ikimwachia jirani yako bunduki, pamoja na ruhusa ya kuamua nani ni adui, sheria imekufa hapo. Hakuna korti, hakuna ushahidi, ni kunyoshewa kidole tu.

Mwishoni Jimmy, baada ya kupoteza watu wake, anainua simu kuwatafuta wenzake wa zamani. Usimpigie makofi. Fanya hesabu: genge lililoletwa kumaliza waasi limetengeneza muasi mpya.

Kwa hivyo ukikaa kuangalia muvi nyingine ya karao na waasi, usiulize kwanza steringi ni nani. Hesabu maiti wasio na majina. Ukishindwa kuwahesabu, jua aliyeitengeneza hakutaka uwahesabu.