Muhuri Wanao, Kazi Hawafundishi

Wadau, nimerudi nyumbani Mpemba kupumzika siku chache, na nimekutana na jambo ambalo siwezi kulinyamazia.

Mdogo wangu anasoma stashahada ya uhandisi mitambo. Mwaka huu alikwenda fildi ya wiki nane kwenye kiwanda kimoja cha vyuma huko Dar (jina naliweka kapuni). Juzi usiku akanipa logibuku yake niisome. Imejaa! Kila siku imeandikwa, kila wiki imesainiwa, muhuri wa bluu umetulia. "Nimekereza shafti." "Nimepima beringi." Nikamuuliza, dogo, hiyo mashine ya kukereza uliiwasha mwenyewe? Akacheka.

"Kaka, mimi nilikuwa nafagia chenga za chuma na kufuata chapati. Siku ya mwisho msimamizi akasaini wiki zote nane kwa mkupuo."

Jamani, tuite hili kwa jina lake: ni kughushi. Kiwanda kimethibitisha kazi ambayo haikufanyika. Chuo kimepokea bila kuuliza. Mwalimu alipita mara moja, akasalimiana na meneja ofisini, akaondoka. Na dogo kaandika uongo kwa mkono wake mwenyewe. Nimemwambia hivyo, akanuna.

Najua mtasema wote tumepita huko. Kweli. Hata mimi fildi yangu ya uandishi ilianza kwa kutumwa vocha. Lakini gazeti likikosea, kesho yake tunaomba radhi ukurasa wa 3. Breki haina ukurasa wa kuomba radhi. Barabara hii inayopita Mpemba ndiyo inayobeba mizigo ya Zambia na Kongo, na kabla malori hayajafika hapa yanapita Iwambi, kisha Senjele. Aliyewahi kupita huko anajua ni mabasi na semi ngapi zimeishia bondeni. Kesho kutwa dogo ndiye atakayeambiwa akague breki za semi kama hiyo. Ataikagua kwa muhuri?

Wenye viwanda wana utetezi wao. Wanasema wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo hadi Julai 2023 ilikuwa asilimia 4 ya mishahara ndipo ikashushwa hadi 3.5, leo tena wafundishe bure, huku mwanafunzi akiharibu mali? Hoja ina uzito. Basi semeni "hapana" pale getini! Msimpokee kijana mkamfanya mfagiaji asiye na mshahara. Nauli na kodi ya chumba cha dogo vilitoka kwenye magunia ya mahindi ya mama.

Kinachoniuma zaidi kiko hatua chache kutoka kwetu. Foleni ya malori ya Tunduma ikirefuka hufika hadi huku, na kando ya barabara kuna gereji chini ya mti. Fundi wa pale hajui logibuku ni mdudu gani. Lakini kijana wake wa miaka miwili kazini anashusha gia boksi, mzee kamsimamia kichwani: "Fungua tena, umekaza kabla hujasafisha." Anakosea, anarudia. Yule ana mkono, hana muhuri. Wa kwetu ana muhuri, hana mkono.

Na si kwamba nchi hii haijui namna ya kufundisha kazini. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mpango wa SEAP mwaka 2003: mhandisi aliyehitimu anakaa miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu. Mwaka 2017 Serikali ikatoa mwongozo wa uanagenzi. Karatasi tunazo. Tunachokosa ni mtu wa kumuuliza mwanafunzi swali moja.

Nadai hilo tu. Siku anayorudi chuoni, kabla ya kupewa maksi, apelekwe karakana: umeandika ulikereza shafti? Haya, kereza tuone. Wanafunzi wa kiwanda kimoja wakishindwa mwaka huu na mwaka ujao, kiwanda hicho kifutwe kwenye orodha ya chuo. Muhuri wake hauna kazi.

Tangu Jumatatu dogo anakwenda kwenye ile gereji ya mti. Jana karudi mweusi kwa grisi, vidole vimechubuka. Nikamuuliza leo umefanya nini.

"Nimefungua tairi mbili, kaka. Ya tatu fundi kanikataza, kasema nakimbilia."

Hiyo haikuandikwa popote. Nimeiamini.