Anayeomba kwa Jina Letu Atuhesabie

Sisi hatuwatukani wenye huruma. Mwambao wa Ziwa Nyasa, Kihagara hata Liuli, waujua wema wao. Mwaka 1901 meli ya misheni, Chauncy Maples, ilitiwa majini, ikachukua walimu na dawa. Lakini aliyekupa dawa asikunyang'anye ulimi.

Leo mifuko ya hisani ni mingi. Wadhamini wengi hukaa mjini, hujichagua wenyewe, na fedha huombwa kwa jina letu. Sheria ya 2002 yataka kila shirika lisilo la kiserikali lipeleke taarifa na hesabu kwa Msajili kila mwaka. Vema. Lakini mvuvi wa Kihagara ataisoma wapi?

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na kazi nyingi za afya zikakwama. Tuliona: kisicho mkononi mwako si chako.

Tena tuseme kweli iliyo chungu. Huko Litowa, Songea, wanakijiji walikuwa na chama chao cha maendeleo, wakipokea msaada bila kupokea bwana. Mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja. Kosa hilo halikutendwa na mgeni.

Basi twadai matatu: wanakijiji wawemo katika kila baraza la wadhamini, hesabu isomwe kwa Kiswahili mkutanoni, mradi usianze kabla kijiji hakijaukubali. Asiyetaka kuhesabu mbele yetu, asiombe kwa jina letu.